Adhabu Kali na Adhabu Iliyopita Kiasi: Kiswahili katika Rufaa za Makosa ya Kutumia Nguvu

Mfungwa aliyehukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa kosa la kuua bila kukusudia ana njia mbili za kutafuta miaka hiyo ipungue. Njia moja ni msamaha, ambao hutolewa na Rais wa nchi, na anayeuomba haulizwi hoja. Huangaliwa kama amejuta na kama mwenendo wake gerezani ni mwema. Njia nyingine ni rufaa, ambayo husikilizwa na mahakama ya juu zaidi, na huko mwombaji anatakiwa aonyeshe kosa lililofanywa na hakimu au jaji alipokuwa akiipima adhabu. Kila njia ina lugha yake. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba mfungwa wa Afrika Mashariki, anayefikiri na kusema kwa Kiswahili na asiye na wakili, mara nyingi hufika katika njia ya pili akiwa amebeba lugha ya njia ya kwanza. Huandika kwamba adhabu ni kali, kwamba ana wazazi wazee na watoto wadogo, na kwamba anaiomba mahakama imwonee huruma. Mahakama humjibu kwamba haikuona sababu ya kuingilia adhabu aliyopewa. Pengo lililopo kati ya ombi na jibu hilo halitokani na sheria peerke yake. Sehemu yake kubwa ni ya lugha, na kwa hiyo ni la wanaisimu kama lilivyo la wanasheria.

Mifano itakayotumika inatoka Tanzania Bara na Kenya, nchi ambazo sheria zake za kanuni ya adhabu zina asili moja ya kikoloni ya mwaka 1930, lakini ambazo zimekwenda njia tofauti tangu hapo. Makosa yanayohusika ni yale ya kutumia nguvu: kujeruhi, kudhuru vibaya, unyang'anyi wa kutumia silaha (ambao magazeti ya Kenya huuita wizi wa kimabavu), kuua bila kukusudia, na mauaji. Makosa haya yamechaguliwa kwa sababu adhabu zake ni ndefu, na pia kwa sababu uzito wa tendo lenyewe hutegemea sana vitenzi ambavyo mshtakiwa na mashahidi wamevitumia.

Rufaa, hukumu, adhabu

Neno rufaa limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuinua. Maana hiyo haijapotea katika Kiswahili cha leo: mgonjwa aliyeshindikana katika zahanati huinuliwa hadi hospitali ya rufaa, kama vile shauri linavyoinuliwa hadi Mahakama Kuu. Tanzania imeshikilia umbo la rufani katika jina la mahakama yake ya juu kabisa, Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979. Vyombo vya habari vya Kenya hupendelea Mahakama ya Rufaa. Tofauti hiyo haimdhuru mtu yeyote. Linalostahili kuangaliwa zaidi ni kitenzi kinachoandamana na neno hilo. Mswahili haombi rufaa, huikata, kama anavyokata shauri na kama hakimu anavyokata hukumu. Kukata hapa ni kuamua na kutenda. Kitenzi chenyewe kimekwisha kumweka mrufani katika nafasi ya mtu anayetumia haki yake, ingawa barua zinazofuata mara nyingi humrudisha katika nafasi ya mwomba sadaka.

Utata mkubwa zaidi umo katika neno hukumu. Katika Kiswahili cha kila siku neno hili hubeba mambo matatu kwa pamoja: uamuzi mzima wa mahakama pamoja na sababu zake, tamko la kwamba mshtakiwa ana hatia, na adhabu inayofuata. Husemwa kwamba hukumu itasomwa Ijumaa. Husemwa pia kwamba fulani amehukumiwa miaka 30. Mfungwa anapoandika “napinga hukumu”, msomaji hawezi kujua kama anakana kutenda kosa au kama anakubali kosa na analalamikia urefu wa kifungo. Sheria, kwa upande wake, hutenganisha mambo hayo kwa ukali. Katika nchi zote mbili, mtu aliyekiri kosa mbele ya mahakama ya chini na kutiwa hatiani kwa kukiri kwake hawezi, kwa kawaida, kukata rufaa dhidi ya hatia. Anaruhusiwa tu kupinga kiasi cha adhabu au uhalali wake. Mtu wa namna hiyo akijaza karatasi yake kwa maelezo ya kwamba hakuwapo siku ya tukio, atakuwa amelitumia jukwaa lake lote kusema jambo ambalo mahakama haina ruhusa ya kulisikiliza, na hoja moja aliyokuwa nayo itabaki bila kusemwa.

Muda nao haumpi nafasi ya kujifunza. Nchini Tanzania, anayetoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi anatakiwa atoe taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10 na kuwasilisha sababu zake ndani ya siku 45, ukiondoa siku za kusubiri nakala ya mwenendo wa shauri. Nchini Kenya muda wa kawaida ni siku 14. Mahakama zinaweza kuongeza muda kwa sababu za msingi, lakini hilo nalo ni ombi jingine lenye lugha yake.

Ukali hauna kipimo

Kivumishi -kali ni miongoni mwa vivumishi vyenye maana nyingi sana katika Kiswahili. Kisu ni kikali, jua ni kali, pilipili ni kali, mbwa ni mkali, mwalimu ni mkali, na dawa inayoponya nayo yaweza kuwa kali. Katika matumizi haya yote, ukali ni sifa ya kitu inayohisiwa na yule kinachomgusa. Wala si lazima uwe lawama. Mwalimu mkali aweza kuwa ndiye mwalimu mzuri, na kisu kisicho kikali hakina kazi jikoni. Kwa hiyo mfungwa anayesema “adhabu niliyopewa ni kali” amesema kweli tupu, lakini hajasema jambo ambalo mahakama inaweza kulifanyia kazi. Adhabu ya kosa la kutumia nguvu imekusudiwa iwe kali. Jaji akikubaliana naye kwamba ni kali, hatakuwa bado amepata sababu ya kuibadilisha.

Kanuni inayotawala rufaa za namna hii ilitamkwa na iliyokuwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki mwaka 1954, ikarithiwa na mahakama za Kenya, na kwa Tanzania ikarudiwa na Mahakama ya Rufani mapema mwaka 1981. Kwa ufupi, kupima adhabu ni kazi ya mahakama iliyomsikiliza mshtakiwa. Mahakama ya rufaa haibadilishi adhabu kwa sababu tu yenyewe ingetoa nyingine. Itaingilia kati ikiwa aliyetoa adhabu alifuata kanuni isiyo sahihi, ikiwa aliacha jambo la maana ambalo alipaswa kulizingatia au alizingatia jambo lisilohusika, au ikiwa adhabu yenyewe imepita kiasi kwa namna iliyo dhahiri.

Kiswahili hakikosi maneno ya kuieleza kanuni hii. Neno kiasi, pamoja na jamaa zake kupita kiasi, kukithiri na kuzidi, linachukulia kwamba kipimo kipo na kwamba kuna mahali ambapo kipimo hicho kimevukwa. Ndivyo ambavyo neno ukali halifanyi. Mtu anayesema “adhabu imepita kiasi” amejifunga kujibu swali linalofuata: kiasi gani, na kimewekwa na nani? Akijibu kwamba ni mkosaji wa mara ya kwanza, kwamba alikiri kosa mapema na kuiokolea mahakama muda wake, kwamba alikaa mahabusu miaka minne kabla ya hukumu na miaka hiyo haikuhesabiwa, na kwamba mwenzake aliyeshtakiwa naye kwa tendo hilohilo alipewa miaka mitano wakati yeye amepewa kumi, basi kila jibu limegeuka kuwa sababu ya rufaa. Mambo hayohayo, yakiandikwa chini ya neno huruma, huonekana kama kilio.

Sarufi nayo ina mchango wake. Barua za wafungwa hupenda umbo la “naomba nipunguziwe adhabu”. Kitenzi -punguziwa kina kiambishi cha kutendea na cha kutendwa kwa pamoja, na maana yake humfanya mwombaji kuwa mnufaika wa hisani: jambo linafanywa kwa ajili yake. Umbo la “naomba adhabu ipunguzwe”, na zaidi “naomba adhabu irekebishwe”, huiweka adhabu yenyewe kuwa kitu chenye kasoro kinachohitaji kutengenezwa. Hakuna jaji atakayekataa rufaa kwa sababu ya kiambishi kimoja. Hata hivyo, mwandishi aliyeanza kwa -punguziwa huendelea, karibu kwa lazima ya mtindo, kueleza kwa nini anastahili kuhurumiwa. Aliyeanza kwa -rekebishwa hulazimika kuonyesha kilichoharibika.

Maneno yaliyosemwa na maneno yaliyoandikwa

Rufaa dhidi ya adhabu haianzii gerezani. Huanzia katika dakika chache baada ya mshtakiwa kutiwa hatiani, pale anapoulizwa kama ana la kusema kabla ya kupewa adhabu. Yanayosemwa hapo, pamoja na maelezo ya tukio, ndiyo malighafi pekee ya mahakama ya rufaa, kwa kuwa majaji wake hawamwoni shahidi wala hawaisikii sauti ya mshtakiwa. Wanasoma karatasi.

Kwa muda mrefu karatasi hiyo haikuwa ya Kiswahili. Katika mahakama za mwanzo za Tanzania shauri husikilizwa na kuandikwa kwa Kiswahili. Lakini makosa mazito ya kutumia nguvu husikilizwa katika mahakama zilizo juu yake, na huko, kwa miongo mingi, shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu, akiwa mkalimani na mwandishi kwa wakati mmoja, aliandika kwa Kiingereza. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali ndiyo iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, huku ikiacha nafasi ya Kiingereza pale maslahi ya haki yanapohitaji. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Lakini lugha ya Mahakama Kuu kwa mujibu wa sheria ya mwenendo wa jinai imebaki kuwa Kiingereza. Wafungwa wengi wanaotumikia vifungo virefu leo walihukumiwa kwa kumbukumbu za Kiingereza za maneno ambayo wao waliyasema kwa Kiswahili.

Kinachopotea katika safari hiyo kinaonekana vizuri zaidi katika vitenzi vya nguvu. Kitenzi -piga, kikisimama peke yake, hakisemi lolote kuhusu uzito wa tendo. Mtu hupiga kofi, hupiga ngumi, hupiga rungu, hupiga panga, hupiga risasi, na pia hupiga simu na kupiga pasi. Shahidi anayesema “alimpiga” ameacha chombo na kiwango cha nguvu vijulikane kwa muktadha. Mwandishi wa kumbukumbu hawezi kuacha. Kiingereza humlazimisha achague kati ya kitenzi cha pigo moja, kitenzi cha kipigo cha kurudiwarudiwa, na kitenzi cha kushambulia chenye harufu ya kisheria. Chaguo hilo, lililofanywa kwa haraka mchana wa joto na hakimu mwenye mafaili 15 mezani, ndilo litakalosomwa miaka mitatu baadaye na majaji wanaojiuliza kama shambulio lilikuwa la kikatili.

Mfano wa pili ni mwepesi kuonekana lakini una uzito zaidi. Mshtakiwa anasema: “Tulipigana.” Kiambishi -an- kinaeleza kwamba tendo lilikwenda pande zote mbili, na katika kosa la kuua bila kukusudia jambo hilo ni la msingi, kwa kuwa ugomvi wa ghafla wa watu wawili hupimwa tofauti na shambulio la mmoja. Ikiandikwa kwamba mshtakiwa alikiri kupigana na marehemu, sehemu ya maana hiyo bado ipo. Ikiandikwa kwamba alikiri kumpiga marehemu, imekwisha. Silabi moja imeondoka, na pamoja nayo imeondoka hoja ambayo mrufani angeweza kuisimamia.

Upo pia msamiati wa mtu kupoteza nguvu za kujizuia, ambao Kiswahili kimeujenga kwa ufundi mkubwa. “Hasira zilinipanda”: hasira ndizo mtendaji, na mtu ni mtendwa. “Nikajikuta nimempiga”: msemaji anaielezea hali ambayo fahamu yake imefika baada ya mkono. Sheria za nchi zote mbili zinatambua kwamba mtu aliyechokozwa ghafla hana lawama sawa na aliyepanga, na sentensi hizi ni ushahidi wa jambo hilo kwa namna ambayo mtu asiye na elimu ya sheria anaweza kuutoa. Zikiandikwa kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa alikasirika akampiga, zinageuka kuwa maelezo ya sababu ya kutenda kosa, kana kwamba mtu aliamua kukasirika na kisha akaamua kupiga.

Kauli yenye bahati mbaya kuliko zote ni “shetani alinipitia”. Yeyote aliyeishi miongoni mwa Waswahili anajua kwamba kauli hii husemwa na mtu anayekiri. Hamaanishi kwamba shetani ndiye aliyetenda. Anamaanisha kwamba tendo lile halifanani naye, kwamba analiona aibu, na kwamba anataka kurudi kuwa mtu aliyekuwa kabla ya siku hiyo. Ni lugha ya majuto. Ikifasiriwa neno kwa neno, humfanya msomaji wa mbali adhani kwamba mshtakiwa anakwepa wajibu kwa kumsingizia Ibilisi, na kukwepa wajibu huchukuliwa kuwa dalili ya kutojuta. Majuto, ambayo yangepunguza adhabu, yameandikwa kama ukaidi.

Jina la kosa lenyewe limechangia mkanganyiko. “Kuua bila kukusudia” linasikika kama ajali. Kisheria kosa hili ni pana zaidi: linahusu kuua isivyo halali pasipo ile nia ovu inayofanya tendo liwe mauaji, na linaweza kumhusu hata mtu aliyepiga kwa makusudi kabisa akiwa katika ghadhabu ya kuchokozwa. Adhabu yake nchini Tanzania inaanzia kuachiliwa kwa masharti na kufika kifungo cha maisha. Mfungwa aliyeambiwa kwamba mahakama imekubali kuwa hakukusudia, kisha akapewa miaka 20, huona kwamba mahakama imejipinga yenyewe. Ndugu zake huona hivyohivyo. Katika barua ya rufaa sababu ya kwanza huwa “sikukusudia”, jambo ambalo mahakama imekwisha kumkubalia na ambalo, kwa hiyo, haliwezi kumpa chochote zaidi.

Ukali kama suala la ukweli

Mtu aliyeshindwa katika rufaa ya kwanza anaweza kupanda ngazi nyingine. Hapo anakutana na kifungu cha sheria ambacho kwa mwanafunzi wa semantiki kina utamu wa aina yake. Sheria ya Kenya inasema kwamba rufaa ya pili haiwezi kuhusu suala la “ukweli”, na kwamba ukali wa adhabu ni suala la ukweli. Sheria ya Tanzania inafika mahali palepale kwa mlango mwingine: rufaa ya pili ni kwa suala la sheria, bila kujumuisha ukali wa adhabu.

Tafsiri ya kawaida ya istilahi hiyo ya kisheria kwa neno ukweli haitoshi. Ukweli katika Kiswahili ni kinyume cha uongo. Mfungwa akiambiwa kwamba rufaa yake imetupwa kwa sababu ukali wa adhabu ni suala la ukweli, atasikia mahakama ikikiri kwamba adhabu ni kali kweli, kisha ikimfungia mlango kwa sababu hiyohiyo. Baadhi ya waandishi wa sheria wametumia “suala la ushahidi” au “jambo la tukio”, na la kwanza linakaribia zaidi kinachokusudiwa: mambo ambayo mahakama zilizomsikiliza mtu zimeyapima na ambayo ngazi ya pili haiyapimi upya. Tangu A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, alipochapisha kitabu chake cha istilahi za sheria za Kiswahili mwaka 1968, kazi ya kuunda maneno imeendelea. Lakini katika uundaji wa istilahi, maneno yanayofanana na lugha ya kawaida ndiyo yenye hatari kubwa, kwa kuwa hakuna anayefungua kamusi kutafuta neno analodhani analijua.

Kinachobaki wazi katika ngazi ya pili ni uhalali. Adhabu isiyo halali ni suala la sheria daima. Mfano mwepesi ni kosa la kudhuru vibaya. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaliwekea kosa hilo ukomo wa miaka 7, isipokuwa pale tendo linapokuwa na nia mahususi inayolipeleka katika kifungu kizito zaidi. Ile ya Kenya inaruhusu hadi kifungo cha maisha. Mtu aliyepewa miaka 10 chini ya kifungu hicho cha Tanzania hana adhabu kali. Ana adhabu batili. Akiandika neno ukali katika rufaa yake ya pili, sentensi yake ya kwanza itakuwa imemtoa nje ya mamlaka ya mahakama, ingawa majaji makini wanaweza kuligundua kosa wao wenyewe. Miaka mitatu ya uhai wa mtu isitegemee bahati ya kukutana na jaji makini.

Adhabu zisizo na kiasi

Yote yaliyosemwa kuhusu kiasi hukoma pale sheria inapoweka adhabu moja tu. Nchini Tanzania, mauaji yana adhabu ya kifo peke yake, na unyang'anyi wa kutumia silaha una kima cha chini cha miaka 30, neno lilelile wanalolitumia wafanyakazi kwa mshahara. Hakimu anaweza kusikia habari za uchokozi, umri, ugonjwa na majuto, lakini hana pa kuziweka. Mshtakiwa bado huulizwa kama ana la kusema. Ni adabu ya mahakama, na kwa aliye kizimbani ni adabu yenye uchungu.

Kenya ililipima jambo hili kwa kina zaidi. Mahakama yake ya Rufaa mwaka 2010 ilitangaza kwamba ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji unapingana na Katiba, kisha mwaka 2013 jopo la majaji watano wa mahakama hiyohiyo likageuza msimamo. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika maombi Na. 15 na 16 ya 2015, iliamua kwamba ulazima huo ni batili, ingawa adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Kiini cha uamuzi huo ni cha kimawasiliano kwa kiasi kikubwa: mtu anayezungumza mbele ya jaji asiyeweza kubadilisha lolote hajasikilizwa. Wafungwa wa makosa mengine, hasa wizi wa kimabavu, walianza kufika mahakamani kuomba kuhukumiwa upya, na baadhi walifanikiwa, mpaka tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ilipofafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji pekee. Tarehe 12 Julai 2024 mahakama hiyo ilishikilia pia kwamba vima vya chini vilivyomo katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana vinabaki kuwa halali hadi vitakapobatilishwa kwa utaratibu unaofaa. Huko Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikuwa imekwisha kuamua, tarehe 28 Novemba 2019, kwamba adhabu ya lazima ya kifo nchini Tanzania inakiuka haki ya kuishi.

Karatasi ya rufaa

Barua nyingi za rufaa huandikwa gerezani, aghalabu na mfungwa mwenye hati nzuri kwa niaba ya wenzake. Mtindo wake umeganda. Hufunguliwa kwa maneno ya unyenyekevu, hufuatwa na sababu zinazofanana kutoka barua moja hadi nyingine, na hufungwa kwa ombi la kuachiwa huru hata pale mwandishi alipokiri kosa na anacholalamikia ni miaka tu. Katika mtindo huo, sababu ya adhabu huwekwa mwisho na kupewa mstari mmoja: kwamba mahakama ilitoa adhabu kali.

Chukua mfano wa kubuni. Kijana wa miaka 22 alimkata jirani yake kwa panga mkononi katika ugomvi wa mpaka wa shamba, akakiri kosa siku ya kwanza, na akapewa kifungo kirefu kinachokaribia ukomo wa sheria. Barua ya kawaida ingesema kwamba adhabu ni kali na kwamba yeye ni tegemeo la mama yake. Barua inayosikika ingesema kwamba hakimu alitoa adhabu inayokaribia ukomo bila kueleza kwa nini kosa hili ni miongoni mwa yale mabaya kupita yote ya aina yake. Kwamba hakutaja popote kukiri kwa mrufani wala umri wake. Kwamba hakuhesabu miezi 14 ya mahabusu, ambayo sheria ya Kenya inaagiza waziwazi izingatiwe na ambayo mahakama za Tanzania nazo huitazama. Na kwamba maelezo ya mrufani ya kuwa walipigana hayaonekani katika sababu za adhabu. Mama anaweza kutajwa, lakini baada ya hayo. Sentensi zote hizo ni za Kiswahili cha kawaida ambacho mtu aliyemaliza darasa la saba anaweza kukiandika akionyeshwa mara moja.

Anayemwonyesha anapaswa pia kumweleza hatari, kwa maana rufaa ni kisu chenye makali pande mbili. Mahakama Kuu ina uwezo wa kuongeza adhabu kama ilivyo na uwezo wa kuipunguza. Mtu aliyetiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha na kupewa, kwa makosa ya hakimu, miaka 15, akikata rufaa dhidi ya ukali wa adhabu anaweza kutoka na miaka 30 ya sheria. Utaratibu mwema unataka mahakama imwonye kwanza na kumpa nafasi ya kujieleza, na huko Kenya mrufani aliyeonywa huweza kuamua kuiondoa rufaa yake. Onyo hilo husomwa kwa lugha gani, na mrufani ameelewa nini, ni mambo ambayo kumbukumbu za mahakama hazisemi sana. Neno linalotumika mara nyingi ni “kuongezewa”, na katika masikio ya mtu aliyekuja kuomba nafuu, -ongezewa laweza kusikika kama kupewa zaidi cha kile alichokiomba.

Istilahi moja zaidi inahitaji kutulizwa kabla kumbukumbu za Kiswahili hazijawa nyingi mno. Mtu aliyetiwa hatiani kwa makosa matatu ya kujeruhi na kupewa miaka 5 kwa kila moja atakaa gerezani miaka 5 au 15, kutegemea kama vifungo vinakwenda kwa wakati mmoja au kimoja baada ya kingine. Katika nchi zote mbili, mahakama isipoagiza vinginevyo, vifungo hufuatana. Kwa Kiswahili mahakimu husema “vitakwenda pamoja”, “vitakwenda sambamba”, “vitatumikiwa kwa pamoja”. Mara nyingi kauli hizi zimekusudiwa kumaanisha wakati mmoja. Lakini “pamoja” ni pia neno la kujumlisha: tano na tano na tano, pamoja, ni kumi na tano. Hati ya kifungo inayopelekwa kwa mkuu wa gereza yafaa iandikwe tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha kwa kila kosa.